Pampu ya insulini ikiletwa Dodoma, vifaa vyake vya kila mwezi atalipa nani?

MamaIpagala (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, kwa sababu suala hili kila likiguswa linazimwa kwa kauli moja tu ya "nchi yetu bado maskini", kisha watu wanahamia kwenye mengine.

Kuna familia hapa mjini ambayo mtoto wao ana kisukari aina ya kwanza. Shangazi yake anayeishi nje alimletea pampu ya insulini. Ilifanya kazi vizuri mno. Mtoto akapumzika kuchomwa kila anapokula, mama naye akaanza kulala usiku. Baadaye vile vifaa vya kubadilisha vikaisha, yaani kanula, mrija na kichupa cha kuwekea insulini ndani ya mashine. Shangazi akatuma vingine, vikachelewa, vikafika, vikaisha tena. Leo pampu iko kabatini na mtoto amerudi kwenye sindano. Mashine ni nzima kabisa, ukiweka betri inawaka.

Hapo ndipo ninapotaka tujadili. Tukisema serikali igharamie pampu, tunadai kitu gani hasa? Mimi nashikilia kwamba mashine ndiyo sehemu ndogo ya dai hili. Mzigo wenyewe uko kwenye vifaa vya kila mwezi, na mfuko wa umma ambao haujajifunga kwa maandishi kuvilipia haujagharamia pampu hata kama umegawa mia moja mbele ya kamera.

Kwa wasioifahamu, nieleze kidogo. Mwenye aina ya kwanza kongosho lake halitoi insulini, au linatoa kidogo sana isiyotosha kitu. Si ile ya watu wazima inayoanza kwa vidonge na kupunguziwa wali. Mtoto huyu akikosa insulini anakufa, na hachukui muda. Kwa njia ya sindano, anachoma insulini ya muda mrefu pamoja na ya muda mfupi, au anapewa ile iliyochanganywa tayari, 30/70, asubuhi na jioni. Pampu inatumia insulini ya haraka peke yake. Inaidondosha kidogo kidogo usiku na mchana kupitia kanula iliyochomekwa chini ya ngozi, na wakati wa chakula unabonyeza iongeze dozi. Zipo zinazoweza kutoa hata sehemu ya ishirini ya yuniti kwa saa, kiasi ambacho bomba la sindano haliwezi kukipima. Mwenye mtoto wa miaka miwili ananielewa, maana kwa kile kimwili yuniti moja ikizidi usiku, sukari inashuka mpaka degedege.

Sasa ile kanula hubadilishwa kila baada ya siku mbili au tatu. Maana yake ni seti zisizopungua kumi kwa mwezi, mia na ishirini kwa mwaka, kwa mtoto mmoja, na hana siku ya kuhitimu. Zaidi ya hapo, kwa vile mwilini hakuna insulini ya muda mrefu, kanula ikiziba au ikichomoka ketoni, yaani asidi ambazo mwili hutengeneza ukikosa insulini, zinaanza kupanda ndani ya saa chache. Mtu wa pampu akiishiwa vifaa ghafla na nyumbani hana sindano na kichupa cha akiba, yuko hatarini kuliko mtu wa sindano aliyechelewa dozi yake. Ndiyo maana pampu ya msaada isiyo na vifaa inanitia hofu kuliko kutokuwa na pampu.

Nimefuatilia wenzetu walivyofanya. Ontario kule Kanada serikali ilianza kulipia pampu za watoto mwaka 2006, watu wazima wakaingia 2008, na kila mwenye pampu anapewa dola 2,400 za Kanada kwa mwaka kwa ajili ya vifaa vyake. Uingereza mwongozo wa mwaka 2008 wa NICE, taasisi yao inayopendekeza matibabu ya kugharamiwa na umma, uliwakubalia watoto chini ya miaka 12 ambao sindano nyingi haziwafai, na wakubwa ambao sukari inawashuka vibaya au kipimo cha miezi mitatu, yaani cha wastani wa sukari wa miezi hiyo, kimegoma kuteremka chini ya asilimia 8.5. Ilikuwa Desemba 2023 ndipo wakapitisha pampu inayojiendesha yenyewe kwa kusoma kihisi cha sukari, na Aprili 2024 wakaanza kuitoa kwa mpango wa miaka mitano, baada ya kukaa na watengenezaji mpaka bei ikashuka. New Zealand walifungua pampu za aina hiyo na vihisi kwa wenye aina ya kwanza Oktoba 2024, kupitia Pharmac, chombo kimoja kinachojadili bei za dawa kwa niaba ya nchi nzima. Walianza na wachache, wakaweka vigezo vinavyosomeka, na vifaa wakavilipia pamoja na mashine.

Sisi je? Sera ya Afya ya 2007 imeliweka kisukari kwenye magonjwa sugu yanayostahili msamaha wa gharama kwenye vituo vya umma. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge hapa hapa Dodoma, Novemba 2023. Imetaja hata vyanzo vya kuwagharamia wasio na uwezo, ukiwemo ushuru wa vinywaji vyenye kaboni na wa vileo. Kwa hiyo mlango upo. Kinachobaki ni kile kinachoandikwa ndani ya kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma ambazo bima inalipia, na kitita huandikwa na watu wanaopita barabara zetu hizi kwenda mji wa serikali wa Mtumba kila asubuhi.

Pendekezo langu: pampu iingie kwenye kitita kwa makundi matatu kwanza. Watoto wadogo walio chini ya umri wa kuanza shule, wajawazito wenye aina ya kwanza, na wale ambao sukari inawashuka mpaka kupoteza fahamu mara kwa mara. Vifaa vinunuliwe na Bohari ya Dawa pamoja na mashine, kwenye mkataba mmoja. Na hospitali isipokee pampu ya msaada ambayo haikuja na vifaa vya miaka yote ambayo mashine inatarajiwa kuishi.

Karibuni. Anayepinga apinge kwa hoja.

MzeeBahi

Mama, nimesoma yote. Mimi nitasema wazi: umeanza kuezeka kabla ya kujenga.

Mjukuu wangu yuko kijijini huku wilaya ya Bahi. Mashine ya kupimia sukari alipewa bure, tunashukuru. Vijiti vya kupimia vikiisha ndiyo basi, mpaka mtu aende mjini, na siku hiyo hela iwepo. Kuna wiki mama yake anakisia dozi kwa kumtazama usoni na kuhesabu mara alizoamka kukojoa. Halafu nasoma habari za mashine ya maelfu ya dola. Fedha ya moja tu ingenunua vijiti kwa watoto wangapi wa tarafa yetu? Na huyo mwenye pampu naye bila kupima sukari atabonyeza dozi gani? Mfuko wa umma uanze na vijiti, mtoto wa Bahi apime kama mtoto wa Area D. Hapo nitakaa kuwasikiliza habari za pampu.

MamaIpagala

Shikamoo mzee wangu. Kwenye vijiti tuko pamoja, wala sitaki mtu yeyote asome uzi huu akadhani pampu inashindana na mjukuu wako.

Kuna utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uitwao DCCT, ulitoa majibu mwaka 1993. Watu 1,441 wenye aina ya kwanza walifuatiliwa kwa wastani wa miaka sita na nusu. Kundi lililotibiwa kwa umakini lilitumia pampu au sindano tatu na zaidi kwa siku, na walipima sukari angalau mara nne kila siku. Hatari ya macho kuharibika ikapungua kwa asilimia 76. Mzee, wale walikuwa mchanganyiko, wa pampu na wa sindano. Kilichowaokoa macho ni kupima na kurekebisha dozi kila siku, na vijiti vinne kwa siku kwa mjukuu wako ni vijiti mia na ishirini kwa mwezi. Namba hiyo iandikwe. Isiandikwe "vipimo vya sukari" halafu dirishani mtu akapewa boksi moja la kumaliza robo mwaka.

Ninachokataa ni neno "kwanza". Nimelisikia kwenye kalamu za insulini, nikalisikia kwenye kipimo cha miezi mitatu, nikalisikia kwenye insulini ya muda mrefu. Kila mara kuna kitu cha kwanza ambacho hakikamiliki, na cha pili hakianzi. Nataka vikae kwenye kifungu kimoja: vifaa vya kujitibia nyumbani kwa mwenye aina ya kwanza. Vijiti, mabomba ya sindano, vijiti vya ketoni kwa wote, na vifaa vya pampu kwa atakayeidhinishwa. Tukikubali kuvitenganisha tutapiganishwa sisi kwa sisi, wa Bahi na wa Ipagala, na hakuna atakayepata.

Kibaigwa_1

Naunga mkono. Swali la haraka, baba yangu ana aina ya pili, anachoma insulini jioni. Hii pampu inamhusu?

DktMakole

Kibaigwa, kwa baba yako hapana. Aina ya pili wengi wanaenda vizuri kwa vidonge, lishe, na dozi moja au mbili za insulini. Pampu ni hasa kwa aina ya kwanza. Aendelee na kliniki yake, na macho yachunguzwe kila mwaka.

Mleta uzi, mimi ni daktari na nina jambo ambalo halitakufurahisha. Pampu yenyewe, ile ya kawaida isiyosoma kihisi, faida yake ni ndogo kuliko sifa zake. Utafiti wa REPOSE wa Uingereza, uliochapishwa 2017, ulichukua watu wazima wenye aina ya kwanza, wote wakafundishwa kozi moja ya kurekebisha dozi kulingana na chakula, kisha wengine wakapewa pampu na wengine sindano nyingi. Baada ya miaka miwili makundi yote mawili yalikuwa na nafuu, na pampu haikuongeza cha maana kwenye kipimo cha miezi mitatu. SCIPI wa mwaka 2019 uliangalia watoto waliogunduliwa karibuni, majibu yakafanana na hayo baada ya mwaka mmoja. Yaani kilichotibu ni elimu.

Inayobadilisha mambo ni ile inayojiendesha. Kihisi kinasoma sukari kila baada ya dakika chache, kinaipelekea pampu, pampu inapunguza au inaongeza yenyewe, hasa usiku. Usiku ndiko wazazi wengi wanakoteseka. Lakini hapo umeongeza gharama ya pili, kwa sababu kihisi kinakaa mwilini siku 10 au 14 tu kisha kinatupwa. Kwa hiyo hesabu yako ya seti mia na ishirini haijakamilika. Ongeza vihisi visivyopungua ishirini na tano kwa mwaka.

Halafu nani atapokea simu? Pampu ikigoma saa nane usiku mtoto akiwa Mvumi, mzazi anampigia nani? Wenzetu wana timu ya kisukari, muuguzi wa pampu, mtaalamu wa lishe. Kliniki nyingi zetu muuguzi mmoja anahudumia kisukari, presha na wagonjwa wa nje kwa siku moja. Kabla ya kuandika pampu kwenye kitita, andikeni mtu.

MamaIpagala

Daktari, nashukuru, na umenisaidia. Hizo tafiti mbili ndizo zinanifanya nisitake pampu kwa kila mtu. Angalia makundi yangu. Mtoto mdogo anapewa pampu kwa sababu dozi zake hazipimiki kwa bomba. Mjamzito kwa sababu miezi tisa haimsubiri. Anayezimia kwa sababu kila kuzimia kunaweza kuwa kwa mwisho. Kwa hao kipimo cha miezi mitatu si kigezo pekee.

La vihisi nalichukua kama lilivyo.

NesiKondoa

Dada na daktari, naomba niwapeleke vijijini kidogo. Mimi ni muuguzi, niko upande wa Kondoa.

Watoto wengi wa aina ya kwanza hawafiki hata kwenye mjadala huu. Anakuja mtoto anahema kwa nguvu, midomo imekauka, amekonda, ametibiwa malaria mara mbili na UTI mara moja, na nyumbani wameshaanza kuulizana nani amemfanyia hivi. Hakuna aliyemchoma kidole kupima sukari. Kijiti kimoja tu kingetosha kumgundua. Kwa hiyo mzee wa Bahi anasema kweli, na mimi naongeza: vijiti viwepo mpaka zahanati, kwa ajili ya kugundua, si kwa waliokwisha kujulikana tu.

Kuna jambo zuri nalo tusilisahau. Mwaka 2022, mkutanoni Lomé, nchi za kanda ya Afrika ya WHO ziliridhia PEN-Plus, mpango wa kuzishusha huduma za kisukari aina ya kwanza, selimundu na ugonjwa wa moyo wa rumatiki hadi hospitali za wilaya. Kondoa na Karatu ni maeneo yaliyoanza nao hapa Tanzania. Ukiniuliza mimi, pampu ikija isianzie kwenye jengo kubwa la rufaa na kuishia hapo. Ifuate njia hiyo. Mtoto aanzishiwe mjini, lakini vifaa vyake avichukue wilayani.

Sasa elimu aliyoitaja daktari. Pampu inakuuliza kabla ya kula: wanga gramu ngapi? Haya, niambieni. Mtoto wetu anakula ugali wa uwele kwa mlenda, kwenye sinia moja na ndugu zake watano, kila mmoja anamega. Mkono wa kaka ni mkubwa, wa mdogo ni mdogo. Siku nyingine ni ugali wa mtama, siku nyingine makande, siku ya sherehe pilau. Msimu wa zabibu mtoto anashinda shambani anadonoa. Vitabu vya kuhesabu wanga tunavyoletewa vimejaa mkate wa vipande na viazi vya kuoka. Ninachofanya mimi, nawaambia mama wamtengee mtoto ugali wake kwenye bakuli moja, lile lile kila siku, na bakuli hilo tunalipima kwa mzani kliniki mara moja. Baada ya hapo mama anajua bakuli likijaa ni kiasi gani, nusu ni kiasi gani. Wapo wakwe wanaokasirika, kumtenga mtoto na sinia ni kama kumtenga na ukoo, na hapo lazima uite familia nzima uzungumze nao, bibi akiwa amekaa mbele. Bibi akielewa, nyumba nzima inaelewa. Kazi hii inachukua nusu siku kwa familia moja na hakuna mahali inapoandikwa kama huduma inayolipiwa na bima. Naomba ilipiwe. Vyakula vya Dodoma navyo vipimwe, wenzetu wa lishe wapo, iandaliwe karatasi moja ya Kiswahili yenye ugali wa uwele, wa mtama, mihogo, magimbi, maboga, ubuyu, zabibu.

Bila hiyo karatasi hata pampu ya bei gani itakuwa inauliza swali ambalo mama hana jibu lake.

MzeeBahi

Nesi, Mungu akubariki. Habari ya bakuli naipeleka nyumbani leo.

Kijana_UDOM

Salaam wakubwa zangu. Mimi ndiye mgonjwa mwenyewe, aina ya kwanza tangu darasa la tano. Sasa niko chuo.

Mnaongelea watoto, na ni sawa. Ila mjue programu za kusaidia watoto, ambazo zimeokoa maisha yangu na sina ubaya nazo, zina ukomo wa umri. Ukishavuka unakuwa mtu mzima mwenye ugonjwa wa mtoto. Kichupa unatafuta mwenyewe. Nina wenzangu waliorefusha dozi, wakachoma nusu ili kichupa kifike mwisho wa mwezi. Mmoja wao hatunaye.

Mimi binafsi sitaki pampu, kwa sasa. Nakaa chumba chenye bati, Oktoba na Novemba humo ndani pana joto kali. Insulini naihifadhi kwenye mtungi wa udongo wenye mchanga wa majimaji. Kichupa kinachotumika hakitakiwi kukaa kwenye joto linalozidi nyuzi 30 hivi, na insulini ya ndani ya pampu inashinda imebanwa mwilini, juani, kwenye jasho. Watengenezaji wenyewe wanasema ikipita nyuzi 37 itupwe. Anayejua Dodoma ya Novemba anajua nazungumzia nini. Gundi ya kanula nayo na jasho haviendani.

Ninachokitaka ni insulini ya muda mrefu ya kisasa, ile inayofanya kazi sawasawa bila kupandisha nguvu ghafla usiku. WHO iliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Hiyo, na kalamu, na vijiti vyangu vinne. Mnipe hivyo mpaka nizeeke, pampu apewe mtoto anayehudumiwa na nesi.

Naomba basi kwenye lile pendekezo, haki isikatwe kwa umri. Aliyeanzishiwa pampu akiwa na miaka mitatu asije akanyang'anywa akifika kumi na nane.

MamaIpagala

Mwanangu, pole sana kwa rafiki yako. Ombi lako ni la kwanza kuandikwa. Na ulivyolisema la joto, nadhani kigezo cha kumpa mtu pampu lazima kiulize na mahali anapolala.

Mhasibu_Nkuhungu

Nimesubiri mtu aseme "hela hakuna", hakuna aliyesema, basi niseme mimi ili niijibu.

Mwaka 2000 dawa za kufubaza VVU zilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka. Waliosema Afrika haiwezi walikuwa wengi, na wengine walikuwa wasomi wakubwa. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza dola 350. Mwaka 2004 Tanzania ikaanzisha mpango wa taifa wa huduma na matibabu, na leo dawa hizo ni bure mpaka kwenye vituo vya afya vijijini. Bei ilishuka kwa sababu wanunuzi walikuja kwa wingi, kwa pamoja, na fedha ya uhakika. Wazazi kumi wakiagiza kanula kila mmoja kivyake kwa ndugu aliyeko nje, hao si soko. Bohari ya Dawa ikiagiza ya nchi nzima kwa mkataba wa miaka kadhaa, tena pamoja na majirani wa Afrika Mashariki, hapo muuzaji anakaa mezani.

La pili, mapenzi ya nchi yapo ikiamua. Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyofunguliwa 2015 inapandikiza figo tangu 2018, na 2023 ikaanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Hayo hayakuwa ya bei rahisi. Yalionekana ni ya lazima, yakatafutiwa fungu. Kisukari kisichodhibitiwa ni miongoni mwa visababishi vikuu vya figo kufa. Mgonjwa wa figo anasafishwa damu kwa kawaida mara tatu kwa wiki, na fungu la umma au bima ndiyo inalipa, au familia inauza ng'ombe mpaka zizi linabaki tupu. Mnaoandaa bajeti, linganisheni mafungu hayo mawili kwa mgonjwa yule yule katika miaka ishirini. Msilinganishe pampu na kichupa cha insulini cha mwezi huu.

Tahadhari moja. Mfuko ukiahidi kila kitu bila michango ya kutosha unakwama. Tumeona Toto Afya Kadi, ile bima ya hiari ya watoto, shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, ilivyositishwa 2023 kwa usajili wa mtoto mmoja mmoja. Hoja ilikuwa kwamba wanaoingia wengi ni walioanza kuugua. Watoto wetu ndio hasa hao, wanaokuja na ugonjwa mkononi. Kwa hiyo wasitegemee kadi ya hiari. Wawe ndani ya bima ya lazima, na vifaa vyao viwe na fungu lililotengwa ambalo haliguswi mfuko ukibanwa.

DktMakole

Mhasibu, hilo la fungu lililotengwa ni muhimu sana. Naongeza la kitabibu: kila anayepewa pampu apewe na kichupa cha insulini ya muda mrefu na mabomba ya sindano nyumbani, wakati wote, na afundishwe kurudi kwenye sindano siku hiyo hiyo. Tusimwanzishie mtu pampu kama hajaonyesha kwamba anaweza kuishi bila hiyo kwa wiki nzima.

Kibaigwa_1

Mama, sasa haya yote yanaenda wapi? Tusije tukachoka hapa halafu uzi ukazama.

MamaIpagala

Yanaenda kwa mbunge wetu na kwa Kamati ya Bunge inayoshughulikia afya, kwa barua ya wazazi na wagonjwa. Nimeanza kuiandika upya usiku huu. Kwa sasa inaomba hivi: kitita cha mafao kitaje kwa namba vijiti mia na ishirini kwa mwezi kwa kila mwenye aina ya kwanza bila ukomo wa umri, pamoja na vijiti vya ketoni na insulini ya muda mrefu, pampu yenye kihisi kwa makundi matatu niliyoyataja, mashine na vifaa na vihisi vikiwa mkataba mmoja wa Bohari ya Dawa wenye fungu lake, vifaa vichukuliwe hospitali ya wilaya, aliyeanzishiwa asiondolewe kwa sababu ya umri, na msaada wa pampu usio na vifaa usipokelewe.

Barua itakuwa na majina ya wanaokubali tu. Anayetaka kusaini aniandikie faragha, asiweke namba yake hapa.

NesiKondoa

Dada, umesahau bakuli. Na umesahau mtu wa kupokea simu saa nane usiku.

MamaIpagala

Nimeviingiza sasa hivi, vyote viwili: elimu ya familia ilipiwe kama huduma, na kila mkoa uwe na muuguzi wa kisukari aina ya kwanza mwenye simu inayopokelewa usiku. Karatasi ya vyakula nayo nimeiweka. Nesi, naomba unitumie vipimo vya bakuli ulivyonavyo, hata kama ni kwa ugali wa uwele peke yake, nivibandike nyuma ya barua.

NesiKondoa

Kesho nikitoka zamu. Ninavyo vya uwele, mtama na makande. Vya ubuyu bado.